Supanodi: betri inapokaa kati ya nodi mbili
Betri ya volti 6 ikiunganisha nodi (sehemu waya zinapokutana) A na B, na hakuna iliyo ardhini (pale panapohesabiwa volti 0), usihangaike kukisia mkondo wake. Zungushia nodi zote mbili duara moja, ambalo ndilo supanodi, uandike mlinganyo mmoja wa mikondo inayovuka duara.

Tuseme ampea 6 zinaingia A. Kikinza cha ohmu 2 kinatoka A kwenda ardhini, cha ohmu 4 kinatoka B kwenda ardhini. Hapa chini A na B ni volti za nodi hizo:

A/2 + B/4 = 6

Chanya ikiwa upande wa A, betri inatupa A − B = 6. Basi B ni volti 4, A volti 10.

Ukigeuza alama, B − A = 6, utapata A 6 na B 12. Mikondo bado itajumlika sawasawa, 3 + 3, kwa hiyo hakiki hiyo peke yake haikamati kosa: rudi utazame chanya ya betri. Kikinza kilicho sambamba na betri kiache nje. Mkondo wake hauvuki duara.