Kikohozi Kimeshuka Kifuani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Duka la Dawa

Kipupwe kikiingia, Juni hadi Agosti, kwenye maeneo ya baridi kama Njombe, Mbeya au Limuru utawasikia wengi wakilalamika: mafua yamekwisha, lakini kikohozi kimeshuka kifuani. Mara nyingi huo ni mkamba, ambao hospitalini huitwa bronkaitisi. Mirija inayopeleka hewa kwenye mapafu imevimba, inatoa ute mwingi, na mwili unakohoa ili kuutoa.

Kabla hujatoa hata shilingi, andika kwenye simu tarehe kikohozi kilipoanza. Hiyo ndiyo itakayoamua mengi. Mkamba wa kawaida huletwa na virusi, na kikohozi chake huchukua wiki mbili hadi tatu kwisha. Wengi wetu tunadhani wiki moja inatosha. Ikipita tunakimbilia antibaiotiki, ambazo haziui virusi. Mtu anameza amoksilini siku ya kumi, siku ya kumi na sita anapata nafuu, sifa zote zinaenda kwa amoksilini, kumbe alikuwa anapona mwenyewe. Makohozi ya njano au ya kijani nayo si ushahidi wa bakteria, kwani rangi hiyo hutokana na chembe za kinga za mwili. Na ile tabia ya kununua nusu dozi kwa sababu ya hela ni hasara tupu: hela imekwenda, na bakteria wengine mwilini wanapata nafasi ya kuzoea dawa.

Tarehe hiyohiyo ina kazi nyingine. Kikohozi kikifikisha wiki mbili, kapime kifua kikuu. Kipimo cha makohozi ni bure katika vituo vya serikali Tanzania na Kenya. Ndiyo, huenda bado ni mkamba unaomalizikia, lakini hilo huwezi kulijua kwa kusikiliza mlio wa kikohozi. Anayeishi na VVU asisubiri wiki mbili. Utakapoombwa makohozi, toa yanayotoka kifuani, si mate. Ya asubuhi ndiyo mazuri zaidi.

Beba dawa zote unazotumia, au zipige picha. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama enalaprili na kaptoprili, huleta kikohozi kikavu kisichosikia sirapu yoyote. Usiziache kienyeji, mweleze daktari akubadilishie. Mwambie pia kama una pumu, unavuta sigara au unapikia kuni ndani.

Nyumbani weka parasetamoli (mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na dawa nyingi za mafua tayari zina parasetamoli ndani), vinywaji vya moto na asali. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe asali hata kidogo, maana inaweza kumletea sumu ya botulizimu. Kujifukiza sikupendi kwa watoto: faida yake ni ndogo, na sufuria la maji ya moto chini ya shuka limeshaunguza wengi.

Kuna hali ambazo hazingoji tarehe. Kwa mtoto, hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, ondoka saa hiyohiyo. Mtu mzima akikosa pumzi, akikohoa damu, au mzee akianza kuchanganyikiwa, vivyo hivyo. Ujue mapema ni kituo gani hufunguliwa usiku, na uwe na namba ya bodaboda anayepokea simu saa nane za usiku.

Daktari akikusikiliza kifua akakurudisha nyumbani bila antibaiotiki, hajakudharau. Kifua kikipiga filimbi anaweza kukupa dawa ya kuvuta. Mwombe akuonyeshe namna ya kuitumia kabla hujatoka chumbani. Lakini kama unakohoa makohozi miezi 3 kila mwaka kwa miaka 2 mfululizo, huo ni mkamba sugu. Hapo tiba huanza na kuacha sigara, na kwa wanaopika kwa kuni, kutafuta namna ya kuutoa moshi jikoni.