Kofia ya jino la mbele isiyotambulika kuwa ya bandia: mambo ya kumpelekea fundi wa maabara

Sisi tunaochonga meno Mbeya na Iringa, kisha kofia (vifuniko vya bandia vya jino lililochongwa) zikatengenezwa Dar es Salaam, tunafanya kazi na fundi asiyemwona mgonjwa. Anachopokea kwa basi ni chapa ya meno (nakala ya umbo lake) na karatasi. Kofia ikirudi haifanani na meno jirani, mara nyingi kosa lilianzia kwenye kiti chetu, si kwenye tanuri lake.

Hatua ya kwanza ni kuchagua rangi kabla ya ganzi na kabla ya kuchonga, kwa sababu jino lililokaa wazi hukauka, na likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Hili nililijua darasani, lakini nililielewa Julai moja ya baridi na ukungu, nilipochonga kwanza, kisha nikachagua rangi chini ya taa ya manjano baada ya mdomo kukaa wazi karibu saa nzima, nikaandika A1, namba ya rangi nyeupe. Kofia ilirudi nyeupe kama kikombe cha kaure. Mama yule alijitazama kwenye kioo mara moja tu, akajifunika mdomo kwa kitenge. Meno yake yalipokuwa na mate yalikuwa A3, rangi iliyokoza zaidi.

Mkalishe mgonjwa karibu na dirisha mchana, afute rangi ya mdomo, na seti ya vipande vya rangi iwe usawa wa macho yako. Anza na kiwango cha weupe, ukifinya macho kidogo, ndipo utafute rangi yenyewe. Usikodolee zaidi ya sekunde chache. Pumzisha macho kwenye kitambaa cha kijivu, kisha rudia. Seti ya VITA Classical ina rangi 16, lakini jino moja halina rangi moja: shingoni huelekea manjano, na nchani mwanga hupenya. Kwa hiyo chora jino kwenye karatasi, uligawe sehemu tatu, na uandike kila sehemu ilivyo, pamoja na nyufa na madoa.

Kisha piga picha. Kipande cha rangi kiguse jino ncha kwa ncha, kisiwe mbele wala nyuma yake, na namba yake isomeke. Ongeza picha ya tabasamu.

Katika kuchonga, acha nafasi ya milimita 1.5 hadi 2 nchani. Ukimnyima fundi nafasi, atatengeneza kofia nene au isiyopitisha mwanga, na hapo hana lawama.

Maswali ya wanachama

Kamwene daktari. Nina mgonjwa aliyekulia Arusha, meno yake yana madoa ya kahawia ya floraidi. Je, kofia niiagize safi?

Kamwene. Muulize mwenyewe kwanza, kwa kuwa wapo wanaotaka meno yote yashughulikiwe. Akitaka moja tu, fundi ayaige madoa hayo kwa kufuata picha na mchoro wako, maana jino moja safi katikati ya yenye madoa hujitangaza lenyewe.

Dada, hapa kituoni, kwa kuchukua chapa, tuna aljineti pekee, ule unga unaochanganywa na maji. Naweza kuituma kwa basi la usiku?

Usiitume, kaka. Aljineti hupoteza maji na kusinyaa, na kofia haitakaa vizuri kwenye kisiki, yaani jino lililochongwa. Chapa ya mwisho ya kofia ichukuliwe kwa silikoni ya aina ya “addition”, ambayo huhimili safari ikishaoshwa na kutakaswa. Aljineti itumie kwa meno ya upande wa pili, na uimwagie plasta ya jasi papo hapo.

Je, kisiki kikiwa cheusi baada ya matibabu ya mzizi?

Tuma picha ya kisiki pia, na kipande cha rangi kikiwa pembeni yake. Kauri inayopitisha mwanga mwingi itaonyesha weusi huo, hasa karibu na fizi, hivyo mpigie fundi simu mkubaliane juu ya msingi unaoficha zaidi, kama vile zirkonia (kauri ngumu) isiyopitisha mwanga, kabla hajawasha tanuri.