Kuchagua mikseri ya video ya HDMI jijini Nairobi
Kabla ya kulipia mikseri yoyote, yaani kifaa cha kuchagua picha ya chanzo kipi ionekane, katika maduka ya barabara ya Luthuli, beba kamera na kompyuta utakazotumia, uziunganishe papo hapo, kisha ubadilishe chanzo huku ukitazama skrini: picha ikizimika hata kwa sekunde moja, hicho si mikseri bali ni kibadilishi cha kawaida cha HDMI, muuzaji aape asiape.

ATEM Mini ya Blackmagic ina milango minne ya HDMI, na kila mlango hulinganisha wenyewe ukubwa wa picha, jambo linalookoa muda mwingi harusini, ambako kila mpigapicha huja na kamera yake. Hutoa picha kwa USB kama kamera ya wavuti, na toleo la Pro huongeza kurusha mubashara kwa kebo ya mtandao pamoja na kurekodi kwenye diski. Roland V-1HD, yenye milango minne pia, haitoi picha kwa USB, hivyo utahitaji kifaa cha kunasia picha ili iingie kwenye kompyuta. Lakini ina wenzo wa kusukuma kwa mkono unapobadilisha picha, ambao kwa maoni yangu vitufe haviwezi kuufidia unapomfuatisha DJ.

Alama za betri zikionekana kwenye HDMI ya kamera, zizime kwenye menyu, la sivyo watazamaji wataziona.