Mwenye sukari akivimba mguu mmoja, msiukande
Jamani mnaoishi na mgonjwa wa sukari, mguu mmoja tu ukivimba, kigimbi kinauma na kina joto kuliko cha pili, msikimbilie kukanda na maji moto wala kuchua na mafuta, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa na bonge liking'oka linaenda mapafuni, wahini hospitali siku hiyohiyo. Akianza kuhema ghafla, kifua kinamchoma au anakohoa damu, hiyo ni dharura hata kama ni usiku wa manane.

Sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu kuta za mishipa na chembe sahani (zile chembe za damu zinazoigandisha) zinashikana kirahisi, tena ikipanda sana mtu anakojoa mno, maji yanaisha mwilini, damu inakuwa nzito. Kwa hiyo kama bonge lishawahi kumpata, na sukari nayo ishikwe kwelikweli, ombeni kipimo cha HbA1c, kinaonyesha wastani wa sukari kwenye damu wa kama miezi 3, wengi wanatakiwa wawe chini ya 7%.

Na kama kapewa warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, asiache mwenyewe eti kisa mguu umenywea, wala asichanganye na mitishamba bila kumwambia daktari.