Jinsi ya kufuatilia pesa za magari ya polisi Kenya

Jamani hii kitu inaniuma. Wezi walivunja duka la jirani saa nane usiku, tukapigia kituo tukaambiwa gari ipo ila mafuta hakuna, asubuhi napita pale naiona imeegeshwa, Land Cruiser mpya, viti bado vina nailoni. Kama kwenu pia iko hivo usiishie kulalamika tu, fuata pesa.

Kwanza ujue gari nyingi za polisi hazijanunuliwa, tangu 2013 serikali inazikodi kwa kampuni binafsi, na pesa ya kukodi inabeba mpaka matengenezo, lakini mafuta ni mfuko mwingine kabisa. Kwa hiyo ukifungua bajeti kwa tovuti ya Hazina ya Kitaifa nenda fungu la polisi, tafuta mstari wa kukodi magari halafu wa mafuta, linganisha na mwaka uliopita, ukiona pesa ya kukodi imepanda na ya mafuta imekwama palepale basi umeshapata pa kuanzia.

Bajeti ni ahadi lakini, matumizi yenyewe yako kwa ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Mwaka wa fedha unaisha 30 Juni, na katiba inampa miezi 6 awe ametoa ripoti. Iko kwa Kiingereza na ni ndefu, wewe tafuta neno "lease" na "fuel" usome hapo.

Sasa kama bado hujaelewa, andikia polisi wenyewe barua ya kuomba habari. Kifungu cha 35 cha katiba na sheria ya kupata habari ya 2016 viko upande wako, barua ya Kiswahili inakubalika na sababu si lazima useme. Uliza moja kwa moja: "Kituo chetu kina magari mangapi ya kukodi, mwaka jana yalitengewa mafuta ya shilingi ngapi, na redio na king'ora vikiharibika nani analipa?" Usiulize mambo ya doria wala silaha, watakunyima kwa kusema ni usalama wa taifa na barua yote itaishia hapo.

Polisi wana siku 21 kukujibu. Wakinyamaza hiyo inahesabika kama wamekukatalia, peleka malalamiko Tume ya Haki ya Utawala, ile ofisi inaitwa pia Ombudsman, ndani ya siku 30. Na tafadhali, ukipeleka barua beba nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani, maana bila ile tarehe watakwambia hawakuiona.