Jinsi ya kumfundisha Earl Warren darasani

Mwalimu mwenzangu wa Historia, wanafunzi wa kidato cha tano ukiwaandikia vyeo vya mwanasiasa ubaoni, watavikariri na kuvisahau. Kwa kila cheo waulize: kilimpa mamlaka gani, na aliyatumia juu ya nani? Hapa Arusha mimi humtumia Earl Warren wa California, Mmarekani aliyeanza kama mwendesha mashtaka, akawa gavana, na mwishowe Jaji Mkuu wa Marekani.

Anza na kazi ya mwendesha mashtaka, wala usiharakishe. Arusha kazi hiyo inafahamika, kwani Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda ilikuwa hapa mjini hadi 2015. Ila kwetu Mkurugenzi wa Mashtaka huteuliwa na Rais, na mkuu wa mkoa vilevile. California, mwendesha mashtaka wa kaunti huomba kura, gavana naye huomba kura. Mwanafunzi akishalielewa hilo, ataona kesi moja inavyoweza kumjengea mtu jina. Warren alishika ofisi ya kaunti ya Alameda mwaka 1925, na alimshtaki hata sherifu wa kaunti hiyohiyo kwa rushwa, akatiwa hatiani.

Kisha nenda 1942, Marekani ikiwa vitani na Japani. Mimi hutenga kipindi kizima. Warren, sasa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, alishinikiza watu wenye asili ya Japani waondolewe pwani. Watu wapatao 120,000 walihamishwa na kufungiwa kambini, wengi wao raia wa Marekani, bila kushtakiwa kwa kosa lolote. Novemba mwaka huohuo akachaguliwa gavana. Wako walimu wanaoruka sehemu hii ili shujaa abaki msafi. Tafadhali usiiruke, wanafunzi wana haki ya kuijua.

Ugavana upitie haraka: alishinda mara tatu, na mwaka 1946 alipitishwa na vyama vyote viwili vikubwa. Mwaka 1948 aligombea umakamu wa rais pamoja na Thomas Dewey wa New York, naye pia mwendesha mashtaka aliyekuwa gavana. Rais Truman akawashinda.

Mwaka 1953 Rais Eisenhower alimteua Jaji Mkuu. Hukumu ya 1954 dhidi ya ubaguzi shuleni wengi wameisikia, kwa hiyo tumia ile ya kesi ya Miranda ya 1966. Warren mwenyewe aliandika kwamba polisi, kabla ya kumhoji mtu waliyemkamata, wamweleze haki yake ya kunyamaza na ya kuwa na wakili. Gawa darasa pande mbili, wajadili kama Warren wa Alameda angeikubali.