Kadi za Jozi za Biblia: Namna ya Kuzitengeneza na Kuzicheza Nyumbani

Mchezo wa kadi za jozi unajulikana na watoto wengi. Kadi hupangwa kifudifudi, mchezaji hufunua mbili, zikikubaliana huzichukua, na zisipokubaliana huzifunika tena pale pale zilipokuwa. Anayetaka kuugeuza uwe mchezo wa Biblia hufikiria kwanza njia nyepesi, yaani kuchora kila mtu mara mbili, Nuhu kwa Nuhu na Yona kwa Yona. Nakuomba usifanye hivyo. Mtoto anaweza kushinda mchezo wa namna hiyo tangu mwanzo hadi mwisho bila kujua Nuhu alikuwa nani, kwa sababu jicho lake linatafuta picha zinazofanana tu. Jozi iwe ya mtu na kitu chake: Nuhu na safina, Daudi na kombeo, Zakayo na mkuyu. Hapo hakuna picha mbili zinazofanana, na kinachoziunganisha ni kisa chenyewe, kiasi kwamba asiyekijua kisa haioni jozi hata ikiwa wazi mbele yake.

Nyumbani kwetu Busia, upande wa Uganda, mimi na mume wangu tumetoka katika makabila mawili yasiyosikilizana lugha, kwa hiyo Kiswahili ndicho cha mezani na ndicho tulichokiandika kwenye kadi. Vifaa vyake havina gharama kubwa: karatasi moja ya manila kutoka duka la vifaa vya shule, mkasi, penseli na penseli za rangi. Rula si lazima. Kunja karatasi katikati, ikunjue, ukate kwenye mkunjo. Kisha fanya vivyo hivyo kwa kila kipande, nusu kwa nusu. Ukirudia mara sita utapata vipande 64 vinavyolingana. Usijaribu kuikunja mara zote sita kabla ya kukata, kwa sababu manila ni nzito na mikunjo ya mwisho itapinda. Vipande 32 vinatosha jozi 16, na hivyo vingine 32 usivitupe. Nitaeleza kazi yake baadaye.

Chagua manila ya rangi nzito kidogo, kama kijani au buluu, ili kinachochorwa mbele kisionekane nyuma. Kabla ya kuchora zote, chora moja tu, uiinue dirishani kwenye mwanga wa mchana, uitazame kwa nyuma. Ukiona hata kivuli cha mchoro, badilisha kalamu. Kalamu za wino mzito hupenya karatasi, na mtoto wa miaka saba atakuwa amegundua siri hiyo kabla hujamaliza mchezo wa kwanza. Kadi zetu za awali ziliharibika kwa jambo dogo kuliko hilo. Tone la chai ya maziwa liliangukia mgongo wa kadi ya Yona na kuacha duara la hudhurungi lenye upana wa punje ya harage, na tangu jioni hiyo hakuna mtoto aliyehangaika kumtafuta Yona. Kwa hiyo ukiwa na fedha kidogo, peleka kadi zilizokamilika kwa wachapaji wavike plastiki kwa mashine; walioko Kampala watawapata kwa wingi Nasser Road, na miji mingine haikosi duka la kutoa nakala lenye mashine hiyo. Baada ya hapo punguza pembe kwa mkasi ziwe za mviringo, kwa maana pembe kali ya plastiki hukwaruza vidole vya watoto.

Kuhusu michoro, usisite kwa sababu hujui kuchora. Kwenye kadi ya mtu, jina lililoandikwa kwa herufi kubwa na uso mdogo vinatosha. Kwenye kadi ya kitu, chora kitu peke yake bila kuandika jina la mwenye nacho. Waachie watoto sehemu kubwa ya kazi hii. Mwanangu wa pili alimchorea Eliya kunguru mwenye miguu mirefu na kifuko kinachoning'inia shingoni, kwa sababu ndege mkubwa aliyemtazama kwa karibu ni kaloli wa majalala ya Kampala. Tuliiacha kadi hiyo ilivyo, na hakuna aliyesahau tena ni ndege gani walimletea Eliya mkate na nyama asubuhi na jioni kwenye kijito cha Kerithi.

Kazi inayodai fikra nyingi ni kuchagua jozi. Kanuni yake ni moja: kila kitu kiwe na mwenyewe mmoja tu miongoni mwa watu ulio nao. Inaonekana rahisi mpaka uanze kuandika. Punda ni wa Balaamu, lakini pia ndiye mnyama aliyempanda Yesu alipoingia Yerusalemu. Kisima kina Rebeka, kina Raheli, kina mwanamke Msamaria. Fimbo inaweza kuwa ya Musa na inaweza kuwa ya Haruni, ile iliyochipuka. Ukiweka kadi za namna hii bila kuwaza, utapata ugomvi wa kweli mezani, na anayegomba atakuwa na haki yake. Dawa ni kuchimba kisa hadi upate kitu kisicho na mwingine. Msamaria mpe mtungi, ule aliouacha kisimani akaenda mjini kuwaita watu. Ukishampa huyo mtungi, basi Gideoni usimpe mitungi ya jeshi lake la watu 300, mpe ngozi ya kondoo aliyoianika usiku kutafuta ishara ya umande. Dorkasi wa Yafa alishona kanzu na nguo za wajane, lakini kanzu tayari ni ya Yusufu, ile aliyofanyiwa na baba yake na kuwatia ndugu zake wivu. Kwa hiyo Dorkasi tulimpa sindano, na watoto walioshazoea kumwona babu yao akivaa kanzu kwenye sherehe za utambulisho kabla ya ndoa wanamkumbuka Yusufu bila shida.

Jozi zetu 16 ni hizi, nawe una uhuru wa kubadilisha: Nuhu na safina, Yakobo na ngazi, Yusufu na kanzu, Musa na kijiti kinachowaka moto, Rahabu na kamba nyekundu ya dirishani, Gideoni na ngozi ya kondoo, Ruthu na masuke, Daudi na kombeo, Eliya na kunguru, Danieli na simba, Yona na samaki mkubwa, Yohana Mbatizaji na nzige, Zakayo na mkuyu, Msamaria na mtungi, Petro na jogoo, Dorkasi na sindano. Kadi ya Yohana ndiyo inayopendwa kuliko zote kwetu. Mahali pengine watoto hukunja uso wakisikia kwamba mtu alikula nzige na asali ya mwitu, lakini mtoto wa Uganda ambaye amengoja msimu wa senene wa Novemba kwa hamu huona kwamba Yohana alikula vizuri. Mkuyu nao si mti mgeni. Ni wa jamii moja na mutuba, mti ambao gome lake hupigwa likawa nguo, na ukimwonyesha mtoto mutuba wenye matawi ya chini ataelewa jinsi mtu mfupi alivyoweza kupanda haraka.

Chukua nafasi hii pia kusoma maandiko yenyewe kabla ya kuchora, kwa sababu tumezoea mambo mengi ambayo hayakuandikwa hivyo. Mathayo anataja zawadi tatu, dhahabu, uvumba na manemane, lakini hasemi kwamba mamajusi walikuwa watatu wala kwamba walikuwa wafalme. Tunda alilokula Hawa halikutajwa jina, kwa hiyo usichore tofaa. Kama unataka kumpa Musa kisafina alichofichwa mtoni badala ya kijiti, ujue kwamba watoto wadogo watakichanganya na safina ya Nuhu. Kwa wakubwa, lakini, mkanganyiko huo una faida, kwa kuwa hata katika Kiebrania neno lililotumika kwa vyombo hivyo viwili ni lilelile. Katika nyumba yenye Wakatoliki na Waprotestanti, visa nilivyovitaja vinapatikana katika Biblia zote mbili, ile ya vitabu 73 na ile ya vitabu 66.

Sasa namna ya kucheza. Tandika mkeka, changa kadi vizuri, uzipange kifudifudi katika safu nne za kadi nane nane, na kuwe na nafasi ya kidole kati ya kadi na kadi ili mtu anapofunua moja asisogeze nyingine. Safu zilizonyooka ndizo zinazosaidia kumbukumbu, kwa sababu mtu hakumbuki kadi tu bali hukumbuka na mahali pake. Mdogo kuliko wote ndiye anayeanza, na zamu huzunguka kuelekea kulia. Mchezaji afunuapo kadi aisome kwa sauti, au asomewe kama hajajua kusoma, na kadi zote mbili zibaki wazi mpaka kila mtu aliyeketi amesema ameziona. Sharti hili lisilegezwe. Watu wazima wana haraka ya kufunika, na anayepoteza ni yule mdogo aliyekaa mbali.

Anayepata jozi hajaichukua bado. Kwanza aeleze kisa chake kwa sentensi moja au mbili: ni nani, na kitu hiki kilimhusu vipi. Akiweza, jozi ni yake na anacheza tena. Akishindwa, anaruhusiwa kumwomba mmoja amsimulie, na jozi hiyo inawekwa katikati kama ya nyumba nzima, haihesabiwi kwa yeyote. Mwanzoni tulikuwa tukizirudisha kadi hizo mkekani, lakini tuliona kwamba wadogo wanaogopa kufunua, nasi tukaacha. Simulizi lisirudiwe neno kwa neno kila siku. Mchezo wa pili wa jioni ileile, anayepata Danieli aseme jambo ambalo halijasemwa, kwa mfano kwamba alikuwa akiomba mara tatu kwa siku madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu.

Kwa watoto walio chini ya miaka sita, toa jozi sita tu. Sababu yake ni ya hesabu. Kadi 32 zikiwa zimefunikwa zote, mwenye zamu ya kwanza ana nafasi moja kati ya 31 ya kupata mwenza wa kadi aliyoifunua. Kadi zikiwa 12, nafasi yake ni moja kati ya 11, na mtoto hakati tamaa. Ongeza jozi mbili mbili kadiri anavyozoea. Wakubwa wafundishwe mbinu moja: anza kwa kufunua kadi ambayo hujaiona bado, kwa maana ukitokea kuwa unajua mwenza wake alipo, jozi umeipata. Anayeanza na kadi anayoijua tayari amepoteza nafasi ya kujifunza kitu kipya katika zamu yake.

Huenda mzee wa nyumba yako asipende kuona kadi mikononi mwa watoto, na wasiwasi wake una msingi, kwa sababu katika vituo vingi vya biashara vijana wanaocheza mchezo wa karata uitwao matatu huweka na dau la fedha. Usibishane naye. Mkaribishe mkekani. Mama yangu mzazi, ambaye watoto humwita Jaja, alikaa kando jioni mbili akiwa na rozari yake. Siku ya tatu binti yangu alimsogelea akamwambia, "Jaja, nimepata Ruthu na masuke, lakini sijui kisa. Nisimulie." Akaiweka rozari mapajani na kusimulia, tena si kwa sentensi mbili: Naomi aliyefiwa na mume na wana wawili ugenini Moabu, mkwe aliyekataa kumwacha, shayiri iliyookotwa nyuma ya wavunaji katika shamba la Boazi. Mama ni mjane tangu 2009. Tulisahau ni zamu ya nani, na hatukuulizana. Jioni iliyofuata aliuliza mwenyewe kama mkeka umetandikwa.

Mkimaliza, hesabuni kadi kabla mtu hajainuka, ziwe 32, kisha zitieni kwenye kopo lenye mfuniko, kwa sababu unyevu wa msimu wa mvua huzipinda na panya hupenda karatasi. Ikipotea au kuchafuka kadi moja, usiikate nyingine kutoka manila mpya. Hata rangi yenye jina lilelile hutofautiana karatasi kwa karatasi, na kadi mpya kati ya zilizochakaa hujitambulisha kwa mgongo wake. Ndiyo kazi ya vile vipande 32 vya akiba: vihifadhi ndani ya kopo hilohilo, chini ya kadi, ili vizeeke pamoja nazo. Sisi tumeshatumia vitano, na cha kwanza kilikwenda kwa Yona.